Kushuku si kutuhumu, na kutoamini ni jambo jingine

Mwaka juzi kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kilipata pengo la shilingi 120,000. Ilikuwa Jumapili alasiri, tumekaa mkekani chini ya mwembe nyumbani kwa mwenyekiti. Sanduku lilikuwa limefunguliwa kufuli zote tatu, noti zimehesabiwa mara mbili mbele ya kila mtu, na bado daftari lilisema hela inatakiwa kuwa nyingi kuliko iliyokuwapo. Mama mmoja mtu mzima, mwanachama tangu kikundi kinaanzishwa, akasema kwa upole: "Jamani, mimi nina shaka na hesabu hii." Tukakubaliana daftari lipitiwe upya wiki inayofuata, tukaagana.

Saa tatu usiku kijana mmoja akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Mweka hazina anatuhumiwa kula 120,000." Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, shemeji yangu ambaye si mwanachama na anakaa wilaya nyingine kabisa akanipigia: "Shemeji, eti yule mama wenu kaiba hela za kikundi?"

Kati ya mkeka na simu ile haukupatikana ushahidi mpya hata mmoja. Hela ilikuwa pungufu kwa kiasi kile kile na daftari lilikuwa lile lile. Kilichosogea ni neno. Shaka ikawa tuhuma, tuhuma ikawa wizi, na mama wa watu, mweka hazina wetu, akaamka mwizi bila mtu yeyote kumwita mwizi usoni.

Tangu siku hiyo nasikiliza taarifa za habari kwa sikio jingine. Stesheni ya Nairobi inasema "washukiwa watatu wamekamatwa", ya Dar es Salaam inasema "watuhumiwa watatu", na chini ya habari zote mbili wasomaji wanaandika "wezi hawa wafungwe". Watu wanauliza kama mshukiwa na mtuhumiwa ni wawili tofauti, kama shutuma ndiyo tuhuma, kama kusema "simwamini" ni sawa na kusema "namshuku". Ni maswali mazuri, na majibu yake yanaweza kumwokoa mtu.

Mizani ya sahani mbili

Tuanze na shaka, kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote. Neno limetoka Kiarabu, shakk, na maana yake ni akili kusimama katikati. Fikiria mizani ya zamani ya sokoni, ile ya sahani mbili. Sahani zikilingana, huwezi kusema upande upi mzito: hiyo ni shaka. Sahani moja ikiinama kidogo, lakini bado inachezacheza, hiyo ni dhana. Ikitua chini na kutulia, hapo umepata yakini.

Hizi ngazi sikuzibuni mimi. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walizipanga hivyo karne nyingi zilizopita, na sisi tuliokulia pwani tulizikuta madrasa kabla hatujajua kuandika barua. Mfano wa mwalimu ulikuwa swala. Umesimama katika swala ya laasiri, hukumbuki kama umeswali rakaa tatu au nne. Ufanye nini? Shika ile ambayo huna shaka nayo, yaani tatu, ongeza moja, kisha umalize kwa sijida mbili za kusahau. Na kanuni iliyo nyuma yake tuliambiwa tuihifadhi: yakini haiondolewi na shaka. Kama una hakika ulitawadha na huna hakika kama udhu umetenguka, basi udhu unao.

Ukiitazama vizuri kanuni hiyo utaona inahusu hata maisha ya nje ya msikiti. Mweka hazina wetu alikuwa ameshika ufunguo miaka 4 bila shilingi kupotea. Huo ndio uliokuwa uhakika wetu juu yake. Pengo la siku moja lilikuwa shaka. Kwa kanuni ya mwalimu wangu, sifa yake ilikuwa bado imesimama mpaka kitu kizito zaidi kije kuiangusha.

Shaka haihitaji mtu. Unaweza kuwa na shaka na mvua, na njia, na hesabu, na kumbukumbu yako mwenyewe. Yule mama mtu mzima alichagua neno lake kwa uangalifu: alikuwa na shaka na hesabu, hakumtaja mtu.

Hapa niseme kidogo kuhusu mashaka, maana linawachanganya wengi. Mtu akisema "ameishi maisha ya mashaka" hasemi maisha ya kujiulizauliza, anasema maisha ya taabu. Kiarabu kina mashaqqa, yaani tabu na ugumu, neno lenye mzizi tofauti kabisa na shakk. Kwa Kiswahili sauti zimekutana, ndiyo maana "yuko mashakani" ni mtu aliye kwenye matatizo, hata kama hakuna anayemshuku kwa lolote.

Dhana nayo ina kazi mbili siku hizi. Kwenye vitabu vya shule ni wazo kuu, kama dhana ya ujamaa. Kwenye mazungumzo bado ni ile sahani iliyoinama: "nilidhani umeshaondoka". Dhana si uovu. Bila dhana huwezi kuvuka barabara, kwa sababu kila unapokanyaga lami unadhani dereva amekuona. Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Hujurat, inapoonya juu ya dhana inasema baadhi yake ni dhambi. Neno "baadhi" limewekwa pale kwa makusudi, na wahubiri wetu wengi wanaliruka.

Mnong'ono wa wasiwasi

Wasiwasi unaonekana kama ndugu wa shaka, lakini umezaliwa nyumba nyingine. Asili yake ni waswas ya Kiarabu, mnong'ono, ule ambao sura ya mwisho ya Qur'ani inaomba kinga dhidi yake. Shaka iko kwenye akili inayopima. Wasiwasi uko kifuani, unanong'ona tu. Mtu anaweza kukosa usingizi kwa wasiwasi na ukimuuliza wa nini asijue.

Tofauti hii ina uzito barabarani. Mara ngapi umesikia kwamba fulani "alionekana akiwa na wasiwasi", kisha sentensi hiyo ikabebeshwa kazi ya ushahidi? Kijana wa bodaboda akisimamishwa usiku na watu wenye silaha, mikono itamtetemeka. Labda leseni yake imeisha. Labda hajawahi kusimamishwa. Labda mwaka jana alipigwa mahali kama pale. Wasiwasi unaeleza hali yake, hauelezi alichofanya. Tunasema "wasiwasi ndio akili", na kwa anayefunga mlango mara mbili ni maneno ya busara, ila hayajawahi kumaanisha kwamba mwenye wasiwasi ana hatia.

Kidole kikiwa mfukoni, na kidole kikitolewa

Sasa tumfikie mtu. Kushuku ni shaka iliyopata jina la mtu. Bado iko ndani yako: kidole umeshajua utakielekeza wapi, ila kiko mfukoni. Unaweza kumshuku jirani yako miaka kumi na yeye asijue, mkasalimiana kila asubuhi.

Kutuhumu ni kukitoa kidole. Tuhuma lazima itamkwe au iandikwe, na lazima iwe na watu wawili, anayetuhumu na anayetuhumiwa. Ndiyo maana tuhuma ina mwenyewe. Aliyeitoa anaweza kuulizwa: umeona nini, uliona lini, nani mwingine alikuwepo? Shuku yako haimdai mtu jibu, lakini tuhuma yako inakudai wewe maelezo.

Tazama tena ujumbe wa yule kijana: "Mweka hazina anatuhumiwa." Na nani? Pale mkekani hakuna aliyemtuhumu. Kitenzi chetu cha kutendwa kinaweza kumficha mtendaji, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu "anatuhumiwa" inasikika kama taarifa wakati ndiyo tuhuma yenyewe inazaliwa. Kama angeandika "mimi namtuhumu", angesita. Mkono ungekuwa mzito. Mimi sasa nikiona "anatuhumiwa" isiyo na "na fulani" mbele yake, nauliza.

Vivyo hivyo "anadaiwa". Mtu anayedaiwa milioni mbili ana deni. Mtu anayedaiwa kuiba milioni mbili hana deni lolote mpaka jambo lithibitike. Neno ni moja, kilichobadilisha maana ni kitenzi kinachofuata, na msomaji wa haraka kwenye simu hakioni.

Halafu kuna shutuma, ambayo magazeti yetu yanaichanganya na tuhuma karibu kila wiki. Zinafanana sauti, hazina undugu. Shutuma imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kutukana, na kwa Kiswahili ni kukemea na kulaani kwa maneno makali. Nchi zinaposhutumu mapinduzi ya kijeshi, hakuna mwenye shaka kwamba mapinduzi yametokea, vifaru viko barabarani. Zinakemea jambo linalojulikana. Tuhuma ni juu ya jambo ambalo bado halijajulikana. Ukitaka kupima, jaribu kitenzi "kukanusha". Tuhuma unaikanusha: sikufanya. Shutuma huwezi kuikanusha, unaweza tu kuikataa, kuipokea au kuumizwa nayo. Kwa hiyo kichwa cha habari "Mkurugenzi akanusha shutuma za wizi" kimeteleza. Alichokanusha ni tuhuma.

Ngazi za kituo cha polisi na mahakama

Swali la mshukiwa na mtuhumiwa sasa linajibika. Kwa asili, mshukiwa ni anayeshukiwa, mtuhumiwa ni aliyeelekezewa kidole waziwazi. Kwa desturi ya vyombo vya habari, Wakenya wamezoea mshukiwa na Watanzania wamezoea mtuhumiwa, wote wakimaanisha mtu ambaye polisi wanamchunguza au wamemkamata. Hakuna aliyekosea. Ningekuwa na uwezo ningelipenda zaidi la Kenya kwa hatua ya mwanzo, kwa sababu linamweka mtu karibu na shaka kuliko karibu na kosa.

Akifikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa. Akinyimwa dhamana au akikosa wadhamini anakaa rumande kama mahabusu, na mahabusu si mfungwa, hata kama wamelala gereza moja. Mwenye hatia anapatikana mwisho kabisa, hakimu au jaji anapomtia hatiani.

Sheria zetu hazikuliacha hili kwenye adabu za watu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50(2)(a), inamhesabu mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, na Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiangukia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi.

Na hapa shaka inarudi kwa namna inayonigusa kila nikiifikiria. Ili polisi wamkamate mtu, inatosha wawe na sababu za msingi za kumshuku. Ili mahakama imtie hatiani kwa jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yenye msingi. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo kwa hali hizo mbili, suspicion na doubt. Kiswahili kimezichota kwenye mzizi mmoja, na kwa hiyo mtu anayesoma hukumu kwa Kiswahili anaona jambo waziwazi: shaka ndiyo iliyomkamata, na shaka hiyo hiyo, ikibaki mpaka mwisho, ndiyo inayomwachia. Asubuhi ilikuwa upande wa polisi, jioni iko upande wake. Tangu 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, wananchi wengi zaidi watakutana na maneno haya, na tusipoyatofautisha tutadhani kila aliyeachiwa "kwa sababu ya shaka" amehonga.

Kesi za madai, kama za shamba au deni, hazidai kiasi hicho. Hakimu anatazama sahani ipi imeinama. Upande wenye uzito zaidi unashinda, hata kama mizani bado inatikisika. Kwa lugha ya mwalimu wangu wa madrasa, madai yanaamuliwa kwa dhana yenye nguvu, jinai inataka kitu kinachokaribia yakini. Ndiyo sababu mtu anaweza kuachiwa kwenye kesi ya wizi na bado akaamriwa kurudisha mali kwenye kesi ya madai, bila mahakama kujipinga.

Kutoamini hakuhitaji kosa

Mpaka hapa tumezungumzia jambo lililokwisha kutokea: nani alifanya nini. Kutoamini kunatazama mbele. Amini, imani, amana na mwaminifu ni watoto wa mzizi mmoja, na amana ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote, kwa kuwa amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie. Kumwamini mtu ni kuwa tayari kuacha kitu mikononi mwake, ukageuka na kwenda zako.

Mtoto wa miaka 4 huwezi kumwamini na kisu. Humshuku kwa chochote, wala hajatenda kosa. Unajua tu kwamba kisu mkononi mwake kitaleta damu. Fundi mpya humpi funguo za duka wiki ya kwanza. Huko ni kutoamini kusiko na tuhuma ndani yake, na ni haki yako, kwa sababu kunahusu mali yako na uamuzi wako. Waliosema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka walikuwa wanazungumza juu ya mtu aliyeumwa. Hawakusema unyasi una sumu.

Watu wengi wanateleza hapa pande zote mbili. Mmoja anasema "simwamini" akitarajia usikie "ni mwizi". Mwingine anaombwa risiti anawaka: "Kwani unanishuku?" Kuhesabu chenji mbele ya mwenye duka si kumshuku. Kusubiri ujumbe uingie kwenye simu kabla hujamruhusu mteja aondoke si kumtuhumu. Kufuli tatu za sanduku la kikoba, kila ufunguo kwa mtu wake, zimewekwa ili asitokee hata mmoja wa kushukiwa peke yake. Utaratibu wa namna hiyo unamlinda zaidi mwaminifu, maana siku hela ikipungua ana cha kuonyesha.

Hata Bunge linajua tofauti hii. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 53A, inaruhusu wabunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, hoja ikiungwa mkono kwa saini za angalau asilimia 20 ya wabunge wote. Aprili 2012 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alianza kukusanya saini hizo dhidi ya Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati huo. Waliokuwa wakilalamikiwa ni mawaziri ambao wizara zao ziliguswa na taarifa za ukaguzi na ambao hawakutaka kujiuzulu. Pinda hakutuhumiwa wizi. Hoja haikufikia kura. Mei, Rais Kikwete alilipanga upya Baraza la Mawaziri na Pinda akabaki na kiti chake. Wakati ule nakumbuka watu kwenye daladala wakiuliza "kwani Pinda kaiba nini?" Swali lilikuwa la tuhuma, hoja ilikuwa ya imani.

Na ile methali ya lisemwalo lipo, na kama halipo laja? Inatumiwa kama hukumu, nami siikubali kwa matumizi hayo. Lililokuwepo kwetu lilikuwa pengo kwenye daftari. Lililosemwa lilikuwa jingine.

Siku ya tisa hela ilionekana. Mwanachama mmoja alikuwa ametuma marejesho yake kwa simu, akamsomea katibu ujumbe wa kuthibitisha, katibu akaandika daftarini. Ila namba aliyotumia ilikuwa laini ya zamani ya mweka hazina, ambayo mama yule alikwisha kuiacha kwenye droo ya kabati tangu abadilishe simu. Tulikwenda nyumbani kwake wanne. Aliitafuta chini ya vitambaa na picha za watoto, akaifuta kwa upande wa kanga, akaiweka kwenye simu yangu. Zilikuwamo 120,000 zote.

Tulimwomba radhi, na yule kijana aliinama akashika mikono yake. Mama akasema yameisha, akatupikia chai. Siku hizi anahudhuria kila Jumapili, ananunua hisa zake, anacheka nasi. Mwenyekiti alipompelekea ufunguo wake wenye uzi mwekundu, aliutazama, akaurudisha juu ya mkeka.

"Wanangu, sina kinyongo na mtu," alisema. "Ila huo shikeni wenyewe."